Dawa Iliyovikwa Mafuta

Mama alirudi kutoka Bangale amekonda, tumbo limemjaa upande wa kushoto. Kiangazi alikuwa amekwenda kwa ndugu zake kuwasaidia kuangalia ng'ombe, na kwa sababu ya joto walilala nje, karibu na vichuguu. Sisi nyumbani Garsen tulidhani ni malaria, kwani baada ya mafuriko yaliyotangulia kiangazi kila mtu alikuwa na malaria. Alimeza vidonge, homa ikapoa, ikarudi. Akameza vingine, ikarudi tena.

Nilikuwa nimemaliza shule na sina kazi, kwa hiyo mimi na baba ndio tuliompeleka hospitali, Hola. Daktari alikuwa kijana mpole kutoka bara. Alimbonyeza mama tumboni, akamtoa damu, kisha akatuambia ni kala-azar. Vidudu vilivyoletwa na usubi wa kwenye vichuguu vilikuwa vimejificha ndani ya ini na bandama yake.

Mama akaanza kudungwa sindano za ugonjwa huo. Haikuchukua muda moyo wake ukaanza kwenda mbio na kusitasita, na daktari akazisimamisha. Alituita mimi na baba varandani.

"Kuna dawa nyingine," alisema. "Ni mpya, na si rahisi kuipata. Mwenzangu Nairobi amebakiwa nayo kidogo kwenye utafiti wao. Nimemwomba, amekubali kuituma."

"Na moyo wake?" niliuliza.

"Hii haina ugomvi na moyo. Shida yake ilikuwa kuumiza figo, ndiyo maana wakaivika mafuta. Wameifunga ndani ya vitone vidogo mno, hata darubini yetu hapa haivioni. Sasa, kwenye bandama kuna seli ambazo kazi yake ni kumeza takataka zinazopita katika damu. Zikikutana na vitone hivyo zinavimeza. Na vidudu vinaishi humo humo ndani ya seli hizo. Dawa inavifuata mpaka chumbani, na figo zinasalimika."

Nikamfasiria baba kwa Kiorma. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia daktari kwa Kiswahili chake kifupi.

"Mafuta ya mnyama gani?"

Mimi sikuwa nimelifikiria hilo. Daktari angeweza kusema lolote, nasi tungemwamini.

"Mzee, sijui," alisema. "Nitauliza."

Simu ya Nairobi haikupatikana siku ile. Mama alilala akitetemeka chini ya blanketi mbili, midomo imekauka. Nilimwambia baba kwamba mgonjwa aliye hatarini dini imemruhusu mengi, hata yaliyo haramu.

"Najua," alisema. "Lakini mama yako ataniuliza ametiwa nini mwilini. Nataka niwe na la kumjibu."

Asubuhi daktari alikuja wodini akitembea haraka.

"Mengi ni ya soya, mzee. Sehemu nyingine inatoka kwenye manyoya ya kondoo."

"Manyoya?" niliuliza mimi.

"Yana mafuta," alisema baba kabla daktari hajajibu. "Ukimshika kondoo mikono inateleza." Akainama kumweleza mama, na mama, macho ameyafumba, akacheka kidogo puani.

"Basi waniletee," alisema.

Dawa ilifika ndani ya kasha la barafu. Ilikuwa unga, na nesi alipoichanganya ikawa maji ya manjano yenye ukungu. Ilimwingia kwa dripu, polepole. Nilikaa nimemshika kifundo cha mkono, nikisikiliza mapigo, nikiogopa yasije yakasita tena. Hayakusita. Siku ya kwanza alipatwa na baridi kidogo tu. Baada ya dripu chache niliamka nikagusa paji la uso wake, likawa la kawaida, kama langu. Nikamwita baba naye aguse. Aliuweka mkono pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akatoka nje.

Siku hizi nikisikia redioni wataalamu wakieleza jinsi wanavyofunga maagizo ya kijeni ndani ya vitone vya mafuta, na kuvipa alama ya kuvielekeza kwenye seli wanazozitaka, huwa naongeza sauti. Wajukuu hunishangaa.

Siku ile tuliporuhusiwa kutoka hospitali, bandama ilikuwa imenywea, na mama alipanda gari mwenyewe, hakushikwa. Nyumbani hakupumzika. Alikwenda moja kwa moja kwenye vibuyu vya maziwa, akanusa kimoja, akanusa cha pili, akitafuta ile harufu ya moshi inayotunza maziwa.

"Hivi nani aliyekuwa akifukiza vibuyu humu?" aliuliza. "Au mlikuwa mnakunywa maziwa machungu tu, mkanyamaza?"

Akaendelea kunigombeza, sauti ikisikika mpaka zizini. Nilisimama pale nikamsikiliza, wala sikutaka amalize.