Jina la Mtoto wa Pili

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Niliishia darasa la saba, nikaja Doha kulinda mlango wa hoteli, na leo nina vani nne na ofisi Al Mansoura yenye kiti cha kuzunguka. Waliosoma chuo kikuu ndio wanaoniomba kazi ya udereva. Kwa hiyo mwalimu mmoja Mmarekani, mama wa makamo niliyekuwa nikimchukua mwenyewe kila asubuhi kutoka Lusail, aliponiambia anatafuta mababu zake, sikushtuka. Nilimwambia tu kwamba amechelewa kidogo.

Babu yake wa kwanza alivuka bahari Marekani ikiwa bado koloni la Waingereza. Kwa msaada wa mtafiti wa kulipwa huko kwao, mwalimu alikuwa amewapata wote, baba kwa mwana, kwenye karatasi aliyoikunja mara nane mkobani. Shida ilikuwa mke wa huyo wa kwanza. Madaftari ya kanisa yalimwandika "mkewe", basi. Hana baba, hana kwao. Kazi hiyo ilianzwa na kaka yake mwalimu, na sasa kaka alikuwa mgonjwa hoi huko kwao. Dada mtu alitaka kumpelekea habari za bibi huyo angali anasikia.

Niliomba kuiona karatasi tukiwa kwenye taa nyekundu. Kitu rahisi. Kwetu Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Huhitaji daftari, ukiita watoto waje kula, umeshauita ukoo mzima. Basi mtoto wa pili wa yule babu alikuwa na jina ambalo hakuna mwingine aliyekuwa nalo pale, ila jirani mmoja mwenye shamba kubwa, aliyeandikwa pembeni.

"Huyu jirani ndiye baba mkwe," nikamwambia.

"Una hakika?"

"Madam, mwambie mtafiti wako huko achunguze. Nikikosea, nitamlipa mimi."

Kwa wiki tatu Al Mansoura nzima ilijua kwamba nimewatatulia Wamarekani fumbo la miaka mia tatu na ushee. Kwa kinyozi niliongeza kwamba nimealikwa huko.

Jibu likaja, mwalimu akalisoma ndani ya vani. Jirani hakuwahi kuwa na binti. Alikuwa amemlipia yule babu nauli ya meli, naye babu akamtumikia miaka saba, haruhusiwi kuondoka. Mtoto wa pili alizaliwa mwaka ule ambao tajiri alitia saini ya kumwachia. Mwalimu hakunilaumu. Alichotaka kujua ni kwa nini mtu ampe mwanawe jina la bwana kama huyo.

Nikamjibu kwamba wazungu wana mambo yao.

Jioni nilimpigia mke wangu simu nyumbani nikamsimulia, nikitegemea huruma. Badala yake akaniuliza:

"Baba watoto, wetu wa pili anaitwa nani?"

Wetu wa pili ana jina la kafili wangu wa kwanza, mwajiri aliyenidhamini hapa Doha. Alizaliwa mwezi ule niliokuwa nikingoja saini ya bwana huyo nihamie kazi nyingine. Kanisani padri aliuliza jina hilo mara mbili. Nafasi ilikuwa ya baba mkwe wangu, na mzee huyo mpaka leo hunisalimia kikavu kama karani wa kaunti.

Asubuhi nilimweleza mwalimu yote, bila kupamba, kitu nisichokizoea. Akamwandikia kaka yake palepale garini. Siku mbili baadaye kaka alijibu kwamba bibi abaki hivyo hivyo bila kwao. Sababu ya lile jina ndiyo aliyokuwa akiitafuta miaka yote, bila kujua.

Mwalimu alinikataza kulipa. Nikamwambia mimi sina tabia ya kurudisha maneno yangu mdomoni. Nikamlipa mtafiti, pamoja na ada ya kutuma: riyali elfu mbili mia tatu kumi na saba na dirhamu hamsini.