RAM Yenye Rangi ya Kucha

Sijamsamehe na sina mpango. Nasema mapema ili kama unatafuta habari za mwanamke aliyejifunza kusahau, ukazitafute kwingine.

Nina saiba hapa Machakos mjini, chumba kimoja nyuma ya msikiti, pale pale babu yangu alipokuwa akishona kanzu. Ni kompyuta tatu, printa na benchi moja ya wateja. Napiga chapa, natoa nakala, najazia watu fomu za serikali. Lakini kazi iliyokuwa ikinilisha hasa ilikuwa ya mwalimu mkuu mmoja wa upande wa Muthetheni. Kila muhula aliniletea mitihani ya shule nzima, darasa kwa darasa, imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi zilizokunjwa ndani ya bahasha ya kaki.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa sita, mitihani yake ikiwa mezani, kompyuta yangu kubwa ilianza kujikokota. Ukibonyeza herufi, inatokea baada ya wewe kupiga chafya. Ilihitaji RAM, kile kipande chembamba cha kumbukumbu kinachofanya mashine iende mbio. Nikatoka mbio mpaka duka kubwa la kompyuta karibu na steji, nikanunua bila kuuliza bei kwingine na bila kuomba ijaribiwe. Hilo lilikuwa kosa langu, nalikubali. Sikujua hata kwamba Juni ndio mwezi mbaya kuliko yote wa kununua vitu hivyo, kwa sababu ofisi za serikali zinafunga mwaka wao wa fedha na kila moja inakimbilia dukani.

Nikaichomeka. Pi-pi-pi, skrini nyeusi. Nikarudisha ile ya zamani, mashine ikawaka. Nikaipangusa mpya kwa kitambaa, nikaichomeka tena. Pi-pi-pi. Saa moja haikuwa imeisha tangu niinunue, nikairudisha ikiwa bado na stika ya duka nyuma, na tarehe aliyoiandika mwenye duka kwa mkono wake.

Mwenye duka hakuishika hata. Aliitazama kutoka mbali kama kitu kilichookotwa mtaroni.

"Hii umeichoma, mama."

"Nimeichoma na nini? Nimeitia tu!"

"Stima ya huko kwenu ni mbaya. Ama umeishika na mikono iko na maji. Nyinyi wamama mnafungua mashine kama sufuria."

Watu wakacheka. Duka lilikuwa limejaa, na walicheka wote. Kisha akageuza risiti yangu, akagonga kidole kwenye maneno yaliyopigwa muhuri chini: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Hayo yote ningeyameza. Lakini kwenye kaunta, akinunua wino, alikuwa amesimama mwalimu mkuu wangu, na yule mtu akamgeukia.

"Mwalimu, hata wewe chunga. Huyu atakuchomea mitihani."

Mwalimu aliangalia viatu vyake. Hakunitetea hata kwa neno moja, na nilikuwa nimemchapia mitihani miaka sita bila kukosea hata nukta. Muhula uliofuata hakuja. Nikasikia kwamba mitihani yake inachapwa pale pale dukani, chumba cha nyuma. Baadaye wateja wengine nao wakaanza kuniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama ni kweli mimi huchoma vitu.

Siku ile nilichukua rangi ya kucha nyekundu nikaitia nukta moja pembeni mwa ile RAM. Nikaifunga kwa karatasi, nikaifungia ndani ya mkebe wa biskuti. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Utanitambua."

Nikaanza kujifunza. Wenzangu wakitazama tamthilia, mimi nilikuwa nikipigia simu maduka ya kompyuta ya mtaa wa Luthuli kule Nairobi. Leo mimi ni mama wa Mombasa mwenye Kiswahili cha taratibu, kesho ni Mkamba wa Mwala, "Niko na shida na RAM, mnauza ngapi?" Ebo! Duka lile lile, kipande kile kile, bei mbili. Ukiongea kama mwenye ofisi wanakukamua. Ukiongea kama mtu ambaye tayari ameuliza duka la jirani, wanakuwa binadamu. Nikajua Januari watu wanauza mashine zao kwa sababu ya karo. Nikajua Julai maduka yamebaki na vitu vilivyokosa mnunuzi wa Juni, na mwenye duka anakuita dada bila kulazimishwa.

Julai ya mwaka jana nikasikia kuna kampuni upande wa Kinanie inabadilisha kompyuta za ofisini na kuuza za zamani kwa bei ya kuondoa takataka. Nilifika kabla ya geti kufunguliwa. Mashine zenyewe niliwaachia wanaume waliokuwa wakisukumana, mimi nikachukua RAM, mfuko mzima, na kila kipande nikakijaribu kimoja kimoja kwenye kompyuta niliyobeba kwa shuka. Waliniona kichaa. Nilivyorudi nyumbani nilikuwa nikiimba.

Sikujua kitakachokuja, siwezi kujisifu kwa hilo. Lakini mwaka ulipokuwa unaisha bei za RAM zilipanda kama zimekanyaga moto. Walisema viwanda vinazipeleka zote kwenye mashine kubwa za akili bandia huko ng'ambo. Dada yangu akaniambia, "Uza sasa, mtu haishi na ghala la vipande." Nikamwambia angoje Juni.

Machakos ni mji ambao tenda ya serikali ikitolewa asubuhi, mchana mama mboga anajua nani kaipata. Yule mwenye duka alikuwa amepata ya kupeleka kompyuta kwenye ofisi moja, bei akaiandika kabla vitu havijapanda. Nairobi walimtajia bei akakaa chini. Juni ilipofika nikahesabu siku zilizobaki, nikafagia saiba, nikasubiri.

Alikuja Alhamisi alasiri. Siku ya mwisho ya kupeleka ilikuwa Ijumaa, saa sita mchana.

"Mwaitu, habari ya siku mingi?" Leo mimi ni mwaitu, mama yake mzazi! "Nasikia uko na RAM."

"Ziko. Ngapi?"

"Kumi tu."

Nikampa bei ya Nairobi, si shilingi chini. Nikazipanga kwenye trei, tisa nzima na moja ya mkebe wa biskuti, imelala kifudifudi ili stika isionekane.

"Zijaribu hapa," nikamwambia. "Kompyuta ni hii."

"Hakuna wakati, mwaitu. Mafundi wananingoja."

"Nimekwambia zijaribu." Nilisema mara ya pili huku nikiwaangalia watu wawili waliokuwa kwenye benchi, ili kesho wasije wakasema hawakusikia. Akazizoa zote kwenye mfuko. Nikamwandikia risiti na kuipiga muhuri wenye maneno yale yale ya dukani kwake. Nilikuwa nimeuchongesha mwaka mzima kabla.

Alipotoka tu nikampigia simu mwalimu mkuu. Nikamwambia aje kesho saa nne na mtihani mmoja, nitamchapia bure. Namjua, cha bure hakimpiti. Kesho yake saa tatu na nusu alikuwa kwenye benchi na bahasha yake ya kaki, ananiuliza habari za nyumbani kana kwamba tulionana jana.

Saa nne na robo yule mtu akaingia, shati limelowa.

"Mwaitu, moja ni mbovu. Tisa zimewaka, hii imekataa kabisa. Nibadilishie haraka."

"Labda umeichoma," nikasema. "Stima ya huko kwenu."

"Hapana!"

"Ama uliishika na mikono iko na maji."

"Mimi nimefanya hii kazi miaka mingi! RAM ikiungua inaonyesha. Angalia hizi meno za kuchomeka, ni safi. Hii haijawahi kufanya kazi. Ilikuwa imekufa kabla mtu ainunue!"

"Una hakika?"

"Naapa kwa Mungu!"

"Sema tena kwa sauti. Mwalimu masikio yake ni mazito upande huo."

Akasema tena, karibu apige kelele, kwamba hata mtoto angeona kwamba ile RAM ilitoka dukani ikiwa imekufa.

"Haya," nikamwambia, "igeuze."

Akaigeuza. Akaona stika ya duka lake, tarehe kwa mwandiko wake, na ile nukta nyekundu pembeni. Nikaweka ile risiti yake ya miaka miwili kando yake. Raha niliyoipata hapo, Mungu anisamehe, sijaipata hata siku ya harusi yangu.

RAM nzima ya kumi ilikuwa kwenye droo tangu jana. Niliiweka mezani, nikaifunika kwa kiganja.

"Nitakupa," nikasema. "Panga foleni."

Alikuwa na watu watatu mbele yake, na wa mwisho alikuwa mzee wa fomu ya shamba yenye kurasa nyingi. Nilimsomea mzee kila swali mara mbili. Yule mtu alisimama anatazama saa ya ukutani, na hakuna aliyemhurumia. Alipopewa alitoka mbio. Kama aliwahi au hakuwahi, sikuuliza.

Mwalimu mkuu alikuwa bado amekaa, anaikunja na kuikunjua ile bahasha.

"Mama," akasema, "kumbe tulikukosea. Muhula ujao nitakuletea mitihani yote, kama zamani."

"Lete, mwalimu," nikamjibu. "Lakini ujipange. Bei yangu nayo imepanda."