Masale Niliyoyakata Mwika

Neno chasaka nililisikia mara ya kwanza Himo, siku niliyoshuka kwenye lori la vitunguu kutoka kwetu Singida. Mama aliyeniuzia ndizi za kuchoma alimwambia mwenzake jambo kwa Kichaga, nikaambulia hilo moja tu. Nikamuuliza maana yake.

"Mtu asiye Mchaga," akasema.

Fundi baiskeli aliyekaa pembeni akacheka. "Mtu wa porini. Mwambie ukweli, mama."

Shule niliacha darasa la tano, lakini kuuliza sikuacha. Mmoja akaniambia ni utani tu. Mwingine akasema ni mtu ambaye humwozi binti yako. Nilipopata kibarua Mwika, kwa mjane mwenye ng'ombe wawili, yeye aliniita "chasaka wangu". "Chasaka wangu, mtori unapoa." Hapo lilikuwa kama jina la mtoto.

Wiki ya pili, nikiwa na mzigo wa majani kichwani, nilikatiza migombani nikakuta mstari wa mimea mirefu, majani yake kama panga. Ilinizibia njia. Niliikata nikawatupia ng'ombe. Waliinusa wakaiacha. Ningepaswa kuelewa hapo hapo.

Mchana shemeji yake yule mjane, aliyepakana naye shamba, alikuja na wanaume wanne. Wawili walikuwa na mapanga.

"Nani kakutuma kukata masale?"

"Hakuna, mzee. Yalikuwa yananizibia njia."

"Mnamsikia? Mpaka alioupanda baba yangu unamzibia njia!"

"Chasaka bwana," akasema kijana mmoja. "Leo mpaka, kesho atang'oa kanisa."

Walicheka, shemeji hakucheka. Yule mama mjane alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Shemeji, huyu ni chasaka. Hajui hata anachokanyaga."

"Ndiyo maana umemtuma yeye! Mtoto wa hapa angekataa."

Nikaona neno lile lile likivutwa huku na huku, na mimi niko katikati yake. Kwa mama lilisema sijui kitu. Kwa shemeji lilisema mtu wa kutumika, asiye na ndugu wa kumuulizia. Kwamba hakuna wa kuniulizia ilikuwa kweli. Hata simu yangu haikuwa na chaji.

Shemeji alirudi kwake kungoja tutakachofanya, akaacha wale wawili wenye mapanga kwenye njia ya kutokea. Mama alichukua jani moja la sale, akalifunga fundo, akanipa.

"Mpelekee. Kwetu mtu akikuletea hili kuomba radhi, humkatai."

"Na akiletewa na chasaka?"

"Sijawahi kuona," akasema.

Ni hatua kama hamsini. Nilipita katikati ya wale wenye mapanga; mmoja hakusogea, bega langu likamgusa. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Nilisema shikamoo. Nilipiga magoti, nikalishika jani kwa mikono miwili.

Alilitazama jani, si mimi. Nikasikia kuku wakiparua chini ya migomba. Halafu akanyoosha mkono, akalichukua, akalichomeka juu ya mlango.

"Nenda ukayapande," akasema. "Vipande vyake vinashika. Nitasimama nyuma yako."

Akasimama kweli, na panga la mmoja wa wale vijana. Vilikuwa vipande kumi na kimoja. Nilichimba kwa mikono, na kila nilipoinama nilijua shingo yangu iko wazi. Mama alitazama kutoka jikoni, mwiko bado mkononi. Cha tano, cha sita, cha saba. Nilipogandamiza udongo wa cha nane, nikasikia kiatu chake kikisogea karibu na sikio langu. Nikafumba macho.

"Hicho umekipinda, chasaka," akasema. "Kinyooshe."

Nikakinyoosha.