Jinsi sungura mwenye pembe wa Wyoming alivyotaka kuniharibia posa hapa Birmingham

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na wa pwani, na nyie wa ughaibuni mnaosoma nyuzi kwa kujificha kazini.

Kisa hiki ni changu mwenyewe. Nikidanganya, mke wangu naye ni member humu, atanisuta hadharani.

Ilikuwa miaka ya 2000 mwanzoni. Nilikuwa naishi Kingstanding, mtaa wa hapa hapa Birmingham, chumba kimoja, kazi yangu kusukuma vitanda vya wagonjwa kwenye hospitali moja upande wa Edgbaston. Kazi halali, lakini niliona si ya kutajia ukweni.

Huko huko Edgbaston ndiko nilikompata Rukia. Baba yake ni mtu wa Tanga, mwalimu mstaafu wa jiografia. Mzee mkali, miwani puani, na sebuleni kwake ukutani kuna ramani ya dunia mahali ambapo wenzake huweka picha za harusi.

Sasa posa inataka mshenga, na wazee wangu wote wako Tanzania. Nikamtuma rafiki yangu Abdi, Msomali aliyekulia Nairobi. Abdi ana mdomo wa kumuuzia mvua mtu wa Birmingham.

Mnajua kazi ya mshenga ni kumsifia kijana. Hakuna posa isiyotiwa chumvi kidogo. Abdi yeye akamwaga gunia zima.

Aliporudi nikamuuliza vipi.

"Relax, buda. Nimewashow umeishi America miaka tatu. Wyoming."

"Wyoming? Abdi, mimi Amerika sijawahi hata kuiota!"

"Ndio maana nikachagua Wyoming. Nani anajua Wyoming?"

Wakuu, mwalimu wa jiografia ndiye anayeijua Wyoming.

Simu ikaja. Mzee anataka kumwona kijana mwenyewe Jumapili, wazungumze habari za Wyoming. Kwa desturi yetu mposaji hukaa nyumbani akisubiri majibu. Mimi nikaitwa kama mtahiniwa.

Siku nne nikawa mtu wa maktaba na internet cafe. Nikaprinti kurasa, nikawa nakariri huku nasukuma vitanda. Bibi mmoja wa Kizungu akaniuliza kutoka kitandani mbona nanong'ona njia nzima. Nikamwambia nina mtihani wa ndoa. Akaniombea dua ya kwao pale pale kwenye lifti.

Jumapili ikafika. Shikamoo, marahaba, chai ikamiminwa. Mzee hakupoteza muda.

"Mji mkuu?"

"Cheyenne, baba."

"Imepakana na majimbo gani?"

Nikayataja yote sita. Abdi, niliyekuja naye, akatikisa kichwa kwa fahari kama mzazi kwenye mahafali.

Nikaendelea mwenyewe. Nikasema Wyoming iliwapa wanawake kura mwaka 1869, hata kabla haijawa jimbo kamili. Ilipoomba kujiunga na muungano, wakubwa wa Amerika wakasitasita kwa sababu ya hiyo kura, watu wa Wyoming wakashikilia kwamba bila wanawake wao hawaingii. Jikoni kikapigwa kigelegele.

Ningenyamaza hapo, ningekuwa nimeoa. Lakini kichwa kilishavimba, nikaongeza kwamba jimbo zima, kubwa kuliko hii Uingereza, ngazi za umeme zipo kwenye majengo mawili tu.

Mzee akakunja uso.

Nami sikukoma. "Na kuna mji mle unatoa leseni ya kuwinda sungura mwenye pembe."

Kabla sijafafanua kwamba ni utani wao tu, mzee akavua miwani.

"Kijana, nimefundisha miaka thelathini. Sungura ana pembe?"

Abdi, Mungu amsamehe, akadakia: "Mzee, huyu alimkula kabisa! Nyama yake ni kama mbuzi tu!"

Niliogopa, wakuu, niliogopa kweli. Nilimwona Rukia anapotea mbele ya macho yangu kwa ajili ya sungura. Nikaona heri nitapike yote.

"Baba, nisamehe. Wyoming sijafika. Mimi nasukuma vitanda hospitalini. Lakini hiyo leseni ipo, wallahi."

Mzee akairudisha miwani puani.

"Yaani uongo niliouamini ndio unaukana, na huu ambao hata mtoto mchanga hawezi kuuamini ndio unauapia?"

Akasimama. Nikajua tumefukuzwa. Ndipo sauti ya Rukia ikatoka jikoni.

"Baba, mahari ni haki yangu, right? Mimi nataka hiyo licence. Akiileta, I'll marry him. Asipoileta, basi."

Mzee akakubali haraka. Alikuwa na uhakika kwamba haipo.

Nikauandikia ule mji barua, nikaeleza shida yangu yote, mpaka habari za kuliwa kwa sungura. Nikasubiri. Wiki zikapita, nikasikia kuna daktari wa Leicester naye anatuma watu kwa Rukia. Chakula kikawa hakipiti. Kila nikitoka kazini naangalia chini ya mlango kwanza.

Siku bahasha ilipofika sikubadilisha hata nguo. Nikaenda ukweni na uniform ya kazi, jina langu kifuani.

Mzee akaisoma kwa sauti. Leseni inatumika tarehe 31 Juni tu.

"Juni ina siku thelathini," akasema.

"Ndiyo, baba."

Akasoma tena. Mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akashika kochi.

"Na hapa wanataka mwindaji asiwe na akili nyingi. Umefuzu."

Kisha akaitazama uniform yangu, akaacha kucheka.

"Mwanangu, na mimi nilipofika nchi hii nilifagia wodi miaka sita. Ungesema vitanda tangu siku ya kwanza, pilau tungeshakula."

Funzo langu, wakuu: mwambieni mshenga aitaje kazi yenu ilivyo. Mimi nilikonda bure.

Haya, na nyie mliooa, washenga wenu waliwasemea nini huko ukweni? Mwageni hapa, Rukia naye anasoma.