Mkojo Mwekundu Juu ya Kasulu

Kipande cha kwanza nilicholetewa kutoka kwa mama mmoja mfugaji kilikuwa kizuri mno. Kilikuwa kipande cha kibofu cha ng'ombe, kimeoshwa mpaka kinang'aa, kingo zake zimenyooka, kimelala ndani ya chupa ya dawa niliyoipeleka mwenyewe. Afisa mifugo wa kata alikipakata kwenye basi kutoka Kasulu hadi Kibondo, akaniwekea mezani kwa fahari. Nilimsifu. Nimezoea kuletewa vipande vilivyooza, vilivyokauka, vilivyofungwa kwenye gazeti, na kimoja kilichotiwa chumvi kabisa kana kwamba ningekikaanga. Siku ile nilijiona nimepata.

Mimi ni daktari wa mifugo, Mrangi wa Kondoa. Nilipopangiwa kazi Kibondo nililia, na uhamisho ulipokuja baadaye niliukataa, kwa hiyo nisiulizwe ninataka nini duniani. Chuoni nilijikita katika kutambua magonjwa kwa kuangalia nyama za mwili. Mnyama akifa kwa ugonjwa usioeleweka, unachukua kipande cha kiungo chake na kukihifadhi kwenye fomalini. Maabara wanakikata vipande vyembamba kuliko karatasi, wanavipaka rangi na kuvilaza kwenye vioo, kisha mtu kama mimi anavisoma kwa hadubini. Ukanda huu wa kwetu hatuko wengi, ndiyo maana wenzangu wa Kasulu huniita wakikwama. Mume wangu husema nimeolewa naye lakini moyo wangu uko kwenye maini ya watu wengine. Humjibu kwamba hata yake ningependa kuyaona siku moja.

Mwenye ng'ombe alikuwa mama wa makamo anayeishi juu ya Kasulu, kule kwenye baridi, ambako migomba na maharage hupanda mlima mpaka karibu na kilele. Wazazi wake walitoka Burundi wakikimbia. Yeye alikulia huku, akaolewa huku, na sasa ni Mtanzania kama mimi. Alikuwa na ng'ombe watatu. Wawili aliwanunua na marehemu mumewe. Wa tatu alikuwa mtamba mweusi aliyepewa na jirani yake, bibi mmoja Muha wa ng'ambo ya bonde, baada ya yule mama kumuuguza bibi huyo msimu mzima wa mvua. Kule ng'ombe wa namna hiyo si zawadi ya kupokea tu ukasahau. Anafunga undugu. Akizaa, ndama jike wa kwanza hurudishwa kwa aliyetoa, na tangu hapo nyumba mbili huzikana na kusimamiana harusi kama ndugu.

Ng'ombe wakubwa wawili walianza kukojoa mkojo mwekundu. Mkojo wa rangi ile kwetu una jina lake: ni kupe. Afisa mifugo akachoma sindano ya ugonjwa wa kupe. Mkojo ukawa mweupe wiki moja, ukarudi mwekundu. Akachoma tena. Nilipima damu yao na sikuona kijidudu chochote. Ng'ombe wa kwanza alikonda mpaka akashindwa kuinuka, wakamchinja, nami nikaomba figo na kibofu. Nyama nyingine niliambiwa ilizikwa, na sikuuliza sana ilizikwa wapi.

Basi nikakisoma kile kipande kizuri. Kilikuwa kizima. Kila chembe ilikaa mahali pake, hakuna uvimbe, hakuna kidonda, kibofu ambacho mwalimu angewaonyesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Figo vilevile. Nikampigia afisa mifugo kumwambia kwamba sijaona ugonjwa katika nilivyoletewa, naye akapeleka jibu mlimani kwa namna yake: daktari amesema ng'ombe hakuwa na ugonjwa.

Maneno hayo yalifanya kazi ambayo hakuna aliyeyatuma kuifanya. Kama hakuwa na ugonjwa, basi ameuliwa na nini? Shemeji za yule mama wakaanza kuhesabu: shida imeingia baada ya mtamba mweusi kuletwa. Huenda aliyetoa hakutoa kwa moyo mweupe. Yule mama hakuamini hayo, lakini mtamba alikuwa na mimba, na wao walimsukuma amuuze kwa wachinjaji siku ya mnada kabla naye hajaanza kukojoa damu. Nilipompigia simu mwenyewe aliniuliza jambo moja tu.

"Daktari, nikimuuza kwa kisu nimeuza undugu. Akifia mikononi mwangu, nitamwambia nini aliyenipa?"

Swali hilo lilinipandisha hasira. Nilipanda basi la asubuhi na chupa zangu mapajani, nikamgombeza abiria aliyetaka kuzikalia, nikashuka Kasulu na kupanda pikipiki mpaka juu.

Nilipofika, ng'ombe wa pili alikuwa amelala ubavu, fizi zake nyeupe kama unga wa muhogo. Hakukuwa na la kumsaidia. Niliwaambia achinjwe, ila nikaweka sharti mapema kwamba nyama yote itafukiwa mbele yangu. Shemeji mmoja aliguna kwamba Warangi ni watu wa ajabu, nami nikakubali kwamba ndiyo, tumeumbwa hivyo. Yule mama alisimama mbali kidogo, shuka limemfunika mdomo.

Shemeji huyohuyo ndiye aliyepasua. Alikuwa fundi, kisu chake hakibahatishi. Akatoa kibofu, akakipasua, akakigeuza ndani nje, akakimwagia maji. Kisha, kabla sijasogea, akakata sehemu kubwa ya upande mmoja, akaitupa nyuma yake kwenye majani, na kuninyooshea kilichobaki kwa mikono miwili, ameinama kidogo. Kilikuwa kisafi, laini, kingo zimenyooka. Nilikitambua kabisa.

Nikauliza alichotupa ni nini. Akasema si kitu. Nikazunguka nyuma yake kukitafuta, na hapo yule mama akanijia mbio na kunishika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone ana haya.

"Hicho ni kibaya, daktari. Hicho hapewi mgeni."

"Mama," nikamwambia, "mimi nimetoka Kibondo kukifuata hicho."

Alinitazama kuona kama natania. Kisha akaeleza, na shemeji akitikisa kichwa kuafiki, kwamba na yule wa kwanza walifanya hivyohivyo. Kibofu kilikuwa na manyama ya kuchukiza upande mmoja, wakayatoa. Ungempelekeaje daktari wa serikali kitu kama kile, tena mwanamke? Walichagua mahali penye afya kuliko pote. Nilitaka kukasirika, lakini nikajikuta nacheka mpaka nikainama, na yule mama naye akaanza, kwa aibu kwanza, halafu kwa sauti. Nimesoma miaka mingi jinsi sampuli zinavyoharibika njiani. Hakuna aliyewahi kunifundisha kwamba zinaweza kuharibiwa na adabu.

Kile kilichotupwa nilikiokota na kukisafisha majani. Upande wa ndani ulijaa vinyama vyekundu vyenye vikonyo, vimesongamana kama punje kwenye gunzi la hindi, vingine vinavuja damu ukivigusa. Nilikuwa nimeona picha ya kitu kile chuoni mara moja, ugonjwa wa ng'ombe wa nchi za milimani, na mwalimu alituambia tusijisumbue sana kuukariri. Huletwa na mmea. Ng'ombe akiula kidogokidogo kwa miaka, sumu yake hupita kwenye mkojo na kukaa kibofuni, mpaka kibofu kinaota uvimbe unaotoka damu. Ndama na mitamba hawaonyeshi kitu; huwaonea wakubwa.

Nikauliza ng'ombe wanakula nini. Majani ya tembo, maganda ya ndizi, mabua. Wanachungwa wapi? Hawachungwi, wanakaa bandani. Nikaingia bandani. Lilikuwa banda safi kuliko jiko langu. Chini palitandikwa majani mabichi ya kijani, yaliyochanika pande zote mbili kama kitana, na yule mtamba mweusi alikuwa amesimama juu yake, ameinamisha kichwa, anatafuna. Anatafuna kitanda chake.

Ilikuwa kangaga, mmea uleule aliotutajia mwalimu, usiotoa maua na unaoota kwa wingi kwenye miteremko mikavu iliyochomwa moto. Yule mama alikuwa akiikata kila asubuhi na kuwatandikia, kwa sababu haishiki matope na inazuia viroboto, na kwa sababu aliwapenda. Nilipomuuliza nani alimfundisha, alisema ni bibi wa ng'ambo. Bibi ndiye aliyemfundisha kila kitu kuhusu ng'ombe.

Sikumwambia lote siku ile. Jicho tupu hudanganya, na nilikwisha kuwapa jibu moja bovu. Nilimwambia nina shaka na majani yale, ayatoe yote aweke majani makavu ya migomba, na anisubiri kabla ya kumpeleka mtamba mnadani. Nilikinga mkojo wa mtamba kwenye chupa, nikauzungusha kwenye mashine ofisini siku iliyofuata, nao haukuwa na damu hata kidogo. Hilo peke yake halikutosha. Shemeji walimwambia mnada haungoji vioo vya daktari. Mnada ukafika, na yeye akakaa nyumbani. Baadaye aliniambia alijifungia ndani ili wasimwone analia, maana hakujua kama anangoja uponyaji au anangoja mzoga.

Vioo vya kile kipande kilichotupwa vilirudi kutoka maabara kwa basi, vimefungwa kwenye pamba. Nilivisoma mara mbili, nikatoka nje kunywa chai, nikarudi nikavisoma tena. Ulikuwa uvimbe mbaya, chembe zimepoteza mpangilio na kuingia ndani ya ukuta wa kibofu, na mishipa ya damu imejaa kila mahali. Nilifurahi. Naona haya kuandika kwamba nilifurahi kuona saratani, lakini ndivyo ilivyokuwa. Ugonjwa ulikuwa na jina, chanzo chake kilikuwa kinaota mlimani mbele ya macho ya kila mtu, na hakikuwa moyo wa mtu.

Habari ile sikutaka ipite kwa mdomo wa mwingine tena. Nilirudi mlimani, nikamwomba yule mama amwite bibi jirani ili wasikie pamoja. Alisita. Alisema itakuwa kama anamshitaki, maana majani ni mafundisho yake. Nikamwambia bibi ana haki ya kujua, kwa sababu anaweza kuwa na ng'ombe wake wanaolalia kangaga sasa hivi. Mama akanitazama kwa mshangao.

"Hana ng'ombe," akasema. "Banda lake ni tupu."

Bibi alikuja na fimbo yake, akaniamkia "mwakeye" kwa Kiha, nami nikamjibu vilevile kwa lafudhi iliyomchekesha. Nikaeleza taratibu. Nilieleza mkojo mwekundu unavyokuja na kupotea, jinsi sindano zisivyousaidia, jinsi ng'ombe mkubwa anavyokonda huku ndama wakinawiri. Nilipofika kwenye majani, bibi alikuwa ameacha kunitazama mimi. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Wangu walikuwa hivyohivyo," akasema. "Mmoja baada ya mwingine."

Akasimulia kwa sauti ya chini, mara Kiswahili mara Kiha, na mama akinitafsiria pale niliposhindwa. Ng'ombe wake wote walikojoa damu, na kila alipoiona aliuza haraka kabla ya majirani kujua, kwa kuwa aliamini nyumba yake ina laana na hakutaka isemwe. Akabaki na mtamba mmoja mweusi, mzima, wa mwisho wa ukoo wa ng'ombe wa mama yake. Alipougua na jirani akamuuguza, alikuwa na sababu ya kumshukuru, ego, ndiyo, na alimshukuru kweli. Lakini alikuwa na sababu nyingine ambayo hakumwambia mtu. Alitaka yule ng'ombe atoke kwake. Alitaka aende kwenye nyumba isiyo na laana, aishi.

Alipomaliza, nilimgeukia mama. Niliogopa. Nilijua mwanamke mwingine angeuliza kwa nini aliletewa mkosi kwa jina la undugu, na angekuwa na haki ya kuuliza. Mama akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakagusana.

"Kumbe ulimleta kwangu apone," akasema.

Bibi alifunika uso kwa kanga na kulia, na mimi nikajifanya napanga chupa zangu.

Mtamba alizaa mvua zilipokolea, ndama jike, mweusi kama mamake. Nimempima mkojo yule ng'ombe kila ninapopata nafasi ya kupanda Kasulu na bado ni msafi. Siwezi kuapa kwamba utabaki hivyo, maana alikula majani yale tangu utoto, na nimemwambia mama ukweli huo. Kijiji kizima sasa kinang'oa kangaga, wengine kwa bidii kuliko akili. Nimewakuta wakichoma hata mimea isiyo na hatia. Ndama alipoacha kunyonya, mama alimvusha bonde mwenyewe kwa kamba, nami nikiwa nyuma yao nimevaa viatu visivyofaa.

Bibi alikuwa ametandika banda lake kwa majani makavu ya migomba tangu juzi yake. Ndama aligoma mlangoni, akanusa, akaingia. Bibi aliingia naye, akafunga kijiti cha mlango kwa ndani, na tukamsikia akimwita kwa jina la ng'ombe wa mama yake.