Ngoma Yangu Ndani ya Pipa la Mchele

Nimewahi kuibiwa ngoma. Mwizi ni mama yangu mzazi.

Naitwa Gunarso, mpiga ngoma wa bendi ya dangdut, muziki wetu wa kukata kiuno, huku Lamongan. Mwaka juzi tukitoka harusini, lori letu liliacha njia likapinduka kwenye mpunga. Spika zikanilalia. Siku nne sijitambui, mbavu tatu kwisha habari yake, watu washaanza kunisomea Yasini.

Nikaamka. "Ngoma yangu iko wapi?"

Mama akaangua kilio. Nikadhani cha furaha. Kumbe!

Kurudi nyumbani, ngoma hamna.

"Daktari kakataza," mama akasema.

Mama ni Hajjah Rukmini, anafundisha wanawake Kurani. Ukibishana naye umebishana na mtaa mzima.

Miezi mitano nikapiga meza, ndoo, hadi tumbo la shemeji akiwa amelala. Niliumia jamani, sitanii. Mimi bila ngoma ni nani?

Siku moja akaja kiongozi wetu, Cak Mustakim. "Gun, Jumapili tuna harusi. Usipokuja, nafasi yako naigawa."

Mbio kwa daktari. Akanishangaa. "Mimi nilikataza pikipiki. Ngoma nani kakataza?"

Nikarudi nimewaka! Jikoni nikamkuta mama mdogo Sarti.

"Mama mdogo, ngoma yangu!"

Akacheka mpaka mwiko ukamdondoka. "Si iko kwenye pipa la mchele! Mama yako aliweka nadhiri ukiwa mahututi."

"Kwamba niache muziki?"

"Thubutu! Kwamba ukipona, siku utakayopiga tena jukwaani, na yeye atapanda acheze. Mbele za watu!"

Mama huyo mlangoni. "Sarti, mdomo wako huo!"

"Mama, si ungechinja mbuzi tu kama wenzio?"

"Nilichinja siku ya kwanza, hukuamka. Nikafunga, hukuamka. Siku ya nne sikuwa na kingine cha kutoa, mwanangu, ila aibu yangu."

Nikaitoa ngoma kwenye pipa, nikaipangusa mchele.

Jumapili akapanda, mtandio mweupe, kanuna kama anapelekwa mahakamani. Nikapiga polepole. Bega likaanza. Kiuno kikafuata. Wanafunzi wake wa Kurani wakapiga vigelegele! Mimi napiga huku nalia.

Nadhiri ilikuwa ya siku moja tu. Lakini sasa wenye harusi wakipiga simu, wanauliza kwanza, "Hajjah atakuwepo?" Nikisema hapana, wanatafuta bendi nyingine.

Funzo: kabla hujamnunia mama yako, muulize alimwahidi Mungu nini.