Kipimo cha Kapteni kilisema tunakwenda kasi mno, changu kilisema tunakaribia kuanguka

Wakuu, poleni na majukumu.

Haya ninayoandika sikusimuliwa na mtu. Nilikuwa nimekaa kiti cha kulia, mikanda imefungwa. Atakayesema ni chai, nimetunga, ruksa, lakini asome kwanza mpaka mwisho.

Mimi ni rubani msaidizi. Nimekulia Kigoma, wazazi wakarudi kwao Nyarusange, ng'ambo ya mpaka, nami nikarudi nao. Kampuni siitaji, bado nakula kwao.

Tulikodiwa kuwapeleka watu saba harusini Mwanza. Familia ya wafanyabiashara wa Muyinga, walikuja kwa gari mpaka Gitega tuwachukulie hapo. Kapteni wangu naye ni mzaliwa wa Muyinga, na hao abiria ni jamaa zake. Hilo lishikeni.

Walichelewa siku tatu. Ndege ikalala Gitega siku zote hizo, ikilindwa na Mzee Nestori, mkulima wa Mutaho ambaye kampuni ilimwajiri kama mlinzi.

Sasa, kwa wasiojua: chini ya kila bawa la ndege yetu kuna kimrija chenye tundu mbele. Upepo unaingia humo, na ndio unaoiambia saa ya mwendo ndege inakwenda kasi gani. Mrija wa kushoto ni wa Kapteni, wa kulia ni wangu. Ndege ikiegeshwa, mirija inavalishwa kofia nyekundu, kwa sababu nyigu wa huku kwetu wakiona tundu wanajenga nyumba.

Kofia ya kushoto ilikuwa imepotea wiki kadhaa. Niliandika ofisini. Nikajibiwa "tutaangalia". Nikaandika tena. "Tutaangalia." Mpaka leo sijui walikuwa wanaangalia nini.

Asubuhi ya safari nikaanza kuizunguka ndege kuikagua. Bawa la kulia, nikavua kofia, safi. Mkia, safi. Nafika bawa la kushoto, Mzee Nestori huyo, mikono miwili.

Na mnajua salamu za kwetu. Amahoro, nyumbani, watoto, mama, ng'ombe, mvua, maharage. Huwezi kumkatisha mzee. Anakushika mkono na hauachii. Kabla hatujamaliza, magari ya Muyinga yakaingia, akina mama na vitenge vyao, Kapteni anaita mizigo ipakiwe.

Nikaacha pale nilipofika. Niliporudi kwenye ndege, sikuendelea kutoka pale. Kofia ya kuvua haikuwepo, basi hakuna kilichonikumbusha.

Tukaruka. Wakati ndege inakimbia kwenye njia ya kurukia, kazi yangu ni kutazama saa zote mbili na kusema mwendo umepanda. Nikatazama yangu tu, nikasema umepanda. Kapteni naye alikuwa anamjibu shangazi yake aliyekuwa anapiga vigelegele nyuma.

Tumeshapaa, tumeelekea upande wa Muyinga, Kapteni anakunja uso. Saa yake inapanda. Mia na thelathini. Mia na hamsini. Akainua pua ya ndege ipunguze mwendo. Saa ikazidi kupanda. Akainua tena, na nguvu ya injini akapunguza.

Yangu ilikuwa inashuka. Mia. Tisini. Themanini na tano.

Nikamwambia, "Mkubwa, yangu inasema tunapungua."

"We petit, kijana mdogo, yako ndo iko mbovu. Mi niko naona hapa, tunapita kiasi."

"Hata GPS inasema tunapungua."

"Laisse! We acha."

Wakuu, niliudhika. Mtu ana ushahidi mara mbili dhidi yake, anashika wa kwake kwa sababu uko mbele ya kiti chake!

Kisha kengele ya kuzidisha mwendo ikaanza kulia. Sekunde chache baadaye, honi ya kuonya kwamba ndege inakaribia kuanguka nayo ikalia. Zote mbili, kwa pamoja, ndani ya ndege moja. Nyuma vigelegele vilikatika, mtu akaanza kusoma dua kwa sauti.

Usukani ukaanza kulegea mikononi. Hapo heshima ikanitoka. Nikapiga kelele, "Nachukua mimi!" Nikausukuma mbele, nikarudisha nguvu yote ya injini. Tulishuka tukiiona milima inakuja, migomba unaweza kuihesabu. Nilimwogopa Mungu, na namwogopa mpaka leo.

Tisini. Mia. Mia na ishirini. Honi ikanyamaza.

Kapteni aliachia usukani wake. Nilipomwomba anisomee mwendo kwenye saa yangu, akasoma, taratibu kama mwanafunzi. Tukarudi Gitega, tukatua salama.

Nikashuka moja kwa moja mpaka bawa la kushoto. Tundu la mrija limezibwa kwa jani la mgomba lililosokotwa likakazwa vizuri kabisa. Hewa ya chini ikifungiwa humo, kadiri ndege inavyopanda juu saa inadhani mwendo ndio unaopanda.

Mzee Nestori akaja anatabasamu. "Niliwazibia mwanangu. Nyigu walishaanza kuingia, na kofia haipo. Nikaziba kama tunavyoziba kidumu cha pombe ya ndizi. Nilitaka kukwambia asubuhi, wageni wakaja."

Nikalichomoa lile jani. Kapteni yeye akamfokea, tena kwa sauti, mbele ya jamaa zake wote.

Kwenye ripoti niliandika ukweli: ukaguzi sikuumaliza mimi, saa ya Kapteni sikuitazama mimi, na kofia iliombwa mara mbili. Ofisi ikajibu, "Asante kwa ushirikiano."

Mzee Nestori alifukuzwa jioni ileile. Kesho yake mimi na Kapteni tulipangiwa safari kama kawaida.

Nilichojifunza: vipimo vikipingana, usichague kile kilicho mbele yako, tafuta cha tatu. Na ukikatishwa kwenye ukaguzi, anza upya, hata kama jamaa wa mtu wanasubiri.

Ila kuna moja limenikaa rohoni, ndiyo maana nimefungua uzi. Fundi wa kampuni anayeitunza ndege alijua tundu liko wazi. Ofisi ilijua. Kapteni alijua. Mimi nilijua. Katika sisi wote, aliyeinama akalitazama na kufanya kitu ni mmoja tu, na huyo ndiye hana kazi.

Nilikwenda Mutaho kumwomba radhi. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akauliza kwanza kama wale akina mama walifika harusini.

Mlioko kwenye kazi zenye mabosi wa "tutaangalia", nyie mnafanyaje? Karibuni, hata wa kunitukana aje, nina nafasi.